KURUDIA MBIO ZA KASI KATIKA UMRI WA MAKAMO

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yamepigwa chapa humu kwa ombi la wenzetu wa wilayani wasiopata kuhudhuria.)



Tulioandika maneno haya ni makarani watatu wa afisi moja, wa umri wa miaka 44, 47 na 51. Asomaye ni mmoja, lakini maneno ni yetu sote. Hatuna shahada ya uganga, wala hatukupata kuvaa nishani ya mbio. Tulilo nalo ni kosa tulilolitenda wenyewe, na yale tuliyojifunza baada yake kwa kuuliza, kusoma na kujaribu. Twajua ya kuwa mbele ya Halmashauri liko shauri la kufuta mbio za wanachama waliopita miaka 40 katika siku ya michezo. Kwa kuwa shauri hilo lilizaliwa na ajali yetu, twaona ni haki nasi tusikiwe kabla halijakatwa.

Habari ya kosa letu

Wengi wenu mlikuwapo mwaka jana. Idara yetu ilipungukiwa na watu wa mbio za kupokezana vijiti, nasi tukajitolea. Ujanani sote tulicheza mpira; mmoja wetu alikuwa winga wa kushoto aliyesifiwa mtaani, naye sifa hiyo hakuisahau. Tulijizoeza wiki tatu. Wiki ya kwanza tulihema kama mivukuto ya mhunzi. Wiki ya tatu pumzi zikawa zimetulia, nasi tukadhani ya kuwa ujana umerudi. Hapo ndipo ulipokuwa mtego.

Siku ilipowadia, mwenzetu wa miaka 47 alipokea kijiti, akaenda hatua 30 hivi kwa kasi ya kupendeza, kisha akasimama ghafula akageuka nyuma kwa hasira, akidhani ametupiwa jiwe mguuni. Hapakuwa na jiwe wala mtupaji. Msuli wa shavu la mguu ulikuwa umechanika. Watazamaji walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Alitembelea gongo wiki 5, na wiki 11 zilipita kabla hajaweza kupanda ngazi za afisi bila kushika ukuta. Masika yalimkuta katika hali hiyo. Shamba lake halikulimwa kwa wakati, vibarua wakataka fedha ambayo hakuwa nayo, na mahindi ya mwaka ule yakawa ya kununua dukani. Mkewe hakumlaumu sana, alimwuliza neno moja tu: “Baba watoto, ulikuwa ukimkimbiza nani?” Hakuwa na jibu. Jibu lake tumelitafuta pamoja tangu siku ile, nasi twadhani tumelipata: alikuwa akimkimbiza kijana wa miaka 22 aliyekuwa na jina kama lake.

Sababu ya kutozifuta mbio

Yawezekana mtu akasema, “Basi, kama ni hivyo, mtu mzima na akae.” Sisi twakataa, na sababu yetu inawahusu hasa watu wa kalamu na meza.

Mwaka 1953 tabibu wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alitangaza uchunguzi wake juu ya watumishi wa mabasi ya London. Madereva waliokaa kitini mchana kutwa waliugua moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Kadhalika katika idara ya posta, wapeleka barua walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa. Baadaye yeye na wenzake waliwachunguza watumishi wa Serikali ya Uingereza karibu 18,000, wanaume wa kazi ya afisini wa umri wa miaka 40 hadi 64, wakawafuatia kwa miaka kadhaa. Mwaka 1980 walitangaza ya kuwa wale waliofanya mazoezi ya nguvu nyakati za mapumziko walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi cha chini ya nusu ya wale wasiofanya. Watu hao, Bwana Mwenyekiti, walikuwa makarani kama sisi. Nasi sote tumepata kwenda mazikoni kwa mwenzetu ambaye pensheni yake hakuila hata mwaka mmoja.

Wala si kweli kwamba kasi humhama mtu mara tu apitapo miaka 35. Carlos Lopes wa Ureno alishinda mbio za maratoni katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata, huko Rotterdam, akavunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 12. Constantina Dita wa Romania alishinda maratoni ya wanawake huko Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 38. Eamonn Coghlan wa Ireland alikimbia maili moja chini ya dakika 4 mwaka 1994, naye amekwisha timiza miaka 41.

Lakini hao hawakupata kuacha mbio kwa muda mrefu, na mfano wao waweza kutupotosha. Atufaaye zaidi ni Ed Whitlock, mhandisi wa migodi aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Kanada. Alikimbia ujanani, akaacha miaka mingi kwa ajili ya kazi, akarudia alipokwisha pita miaka 40. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia maratoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa kuzunguka taratibu, saa mbili au tatu, ndani ya makaburi yaliyokuwa karibu na nyumba yake. Aliyazunguka kwa hiari ili asipelekwe humo kabla ya wakati. Naye hakufariki ila mwaka 2017, akiwa na miaka 86.

Pumzi hutangulia, kano hufuata

Sasa twafika kwenye neno lenyewe, ambalo laiti tungalilijua mwaka jana.

Katika afisi zetu barua haitoki kwa sababu karani mmoja amekwisha fanya sehemu yake. Hungoja sahihi ya wa mwisho. Mwilini ni vivyo hivyo. Moyo na mapafu hutia sahihi mapema. Kwa wiki chache tu mtu huona pumzi zimemrudia. Misuli hufuata. Mifupa na kano hutia sahihi mwisho, nazo huhitaji miezi. Apelekaye barua kabla ya sahihi ya kano, barua humrudia, na kwa adhabu.

Kijana hasumbuliwi sana na jambo hili, maana viungo vyake vimezoea kuruka na kukimbia kila siku. Lakini mtu aliyekaa kitini miaka 20 amepungukiwa nyama za miguu, na mwili wake umeongezeka uzito. Moyo huzoea upesi, nao humpa ruhusa ambayo miguu haikuitoa. Kwa hiyo atakayeumia ni yule mwenye bidii ajionaye ana nafuu, kwa kuwa mvivu huishia njiani kwa kukosa pumzi.

Mwaka 2013 wachunguzi wa Denmark walionyesha jambo la ajabu juu ya kano kubwa ya kisigino. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani aina ya kaboni ambayo iliingia katika miili ya watu wote. Kwa kuipima kaboni hiyo, waliona ya kuwa kiini cha kano hujengwa hadi umri wa miaka 17 hivi, na baada ya hapo hakijengwi upya ila kwa uchache sana. Maana yake ni kwamba kano tunayoikimbilia leo ndiyo ile ile tuliyoitumia shuleni. Hatukupewa nyingine. Yaweza kuimarishwa, lakini haiwezi kuharakishwa.

Njia tuliyoifuata

Baada ya mwenzetu kupona tulikubaliana kuanza upya, sote watatu kwa mwendo wa aliye dhaifu. Twaieleza njia hiyo kama tulivyoifuata.

Kwanza, kabla ya yote tulikwenda hospitali kupimwa shinikizo la damu na sukari. Mmoja wetu alionekana ana shinikizo kubwa asilolijua, akatibiwa miezi miwili kabla ya kuruhusiwa. Kama faida ya mbio ingalikuwa hiyo tu, ingalitosha.

Pili, kwa miezi miwili ya mwanzo hatukukimbia kwa kasi hata mara moja. Tulitembea na kukimbia kwa zamu, siku tatu kwa wiki, tukipumzika siku moja katikati, mpaka tukaweza kwenda dakika 30 bila kusimama. Kipimo chetu kilikuwa mazungumzo: asiyeweza kusema maneno ya sentensi nzima bila kuhema, amezidisha.

Tatu, mwezi wa tatu tuliongeza mwendo wa kunyoosha miguu. Mwisho wa mbio za taratibu, mahali pa majani pasipo na mashimo, tulikimbia mara nne, kila mara sekunde 15 hadi 20. Tulianza polepole na kuongeza mwendo kidogo kidogo, tusifike nguvu zetu zote, kisha tukarudi kwa kutembea mpaka pumzi zitulie. Tulifanya hivi mara mbili kwa wiki.

Nne, mwezi wa nne tulitafuta kilima chenye mteremko wa wastani, tukakipanda kwa bidii sekunde 20, mara sita, tukishuka kwa kutembea. Kupanda kilima hutia nguvu, na kishindo cha mguu huwa kidogo kuliko mahali tambarare kwa kuwa mwendo si mkali. Lakini kilima hulemea shavu la mguu na kano ya kisigino. Mwenye maumivu ya sehemu hizo na akiache.

Tano, mwezi wa tano ndipo tulipoanza kasi yenyewe, na hiyo mara moja tu kwa wiki: dakika moja ya kasi, dakika mbili za taratibu, mara sita. Wasweden wana mchezo kama huu waliouita fartlek, uliotungwa na mwalimu Gösta Holmér katika miaka ya 1930. Mtu huongeza na kupunguza mwendo kwa kadiri ajisikiavyo. Hatukuweka siku mbili za kasi mfululizo, na kila wiki ya nne tulipunguza kazi yote.

Sita, kabla ya kasi yo yote tulitumia dakika 15 kuupasha mwili joto kwa kutembea na mbio nyepesi. Mwaka jana tuliondoka kwenye viti vya hema, tukavua makoti, tukaingia uwanjani.

Ngazi za afisi

Twaomba ruhusa kusimulia habari ya tabibu mmoja wa Sweden, Håkan Alfredson wa Chuo Kikuu cha Umeå, maana itawafurahisha makarani. Husimuliwa ya kuwa alikuwa mkimbiaji aliyeumwa kano ya kisigino, akamwomba mkuu wake apasuliwe. Mkuu akakataa, kwa kuwa hakutaka kumpa likizo ya ugonjwa. Kwa hasira Alfredson akaanza kuitesa kano ile ngazini makusudi, ili iharibike kabisa, mkuu akose la kusema. Kano badala ya kukatika ikapona.

Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya zoezi hilo kwa watu 15 wenye ugonjwa huo wa muda mrefu, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 44. Baada ya wiki 12 wote 15 walirudia mbio zao. Zoezi lenyewe halina gharama. Mtu husimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Hujiinua kwa miguu miwili. Kisha huuachia uzito mguu mmoja na kushusha kisigino polepole hadi chini ya ngazi. Wale wagonjwa walifanya mara 15 kwa mafungu matatu, goti likiwa limenyooka, na vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni kila siku. Sisi tusio wagonjwa twafanya mara tatu kwa wiki, katika ngazi za afisi, kabla ya kazi. Ila ambaye maumivu yake yapo pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, asishushe kisigino chini ya ngazi. Na aishie usawa wake.

Twaongeza kukaa na kusimama kitini bila kushika kwa mikono, mara 10 hadi 15, ili magoti na mapaja yapate nguvu. Waliotuona wamecheka. Sasa wako wanne wanaokuja ngazini pamoja nasi.

Dalili za kuonya

Kano haziumi ghafula bila taarifa kila wakati. Aghalabu huandika barua kwanza. Ukiamka asubuhi na hatua zako za kwanza zikawa ngumu na zenye maumivu nyuma ya kisigino, hiyo ni barua. Usiitupe kwa kuwa maumivu yametoweka baada ya kutembea kidogo. Punguza kasi wiki hiyo. Maumivu yakikulazimisha kuchechemea, simama pale pale urudi kwa miguu. Muundi ukiuma mahali pamoja padogo penye kugusika kwa kidole, na maumivu yakazidi kila siku, acha mbio ukamwone tabibu, maana mfupa waweza kuwa umeanza kupata ufa. Na ukihisi kama umepigwa teke nyuma ya kisigino, kisha huwezi kusimama kwa ncha ya mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kano imekatika.

Yako pia mambo ya kujihadhari nayo. Viatu vipya visiingizwe kwa siku moja, bali kwa zamu na vile vya zamani. Mchanga laini wa pwani, pamoja na uzuri wake, huichosha kano kuliko mchanga mgumu uliolowa. Tena dawa iitwayo ciprofloxacin, ambayo wengi wetu hupewa kwa maradhi ya tumbo au njia ya mkojo, pamoja na jamaa zake, zaweza kuidhoofisha kano hata kuikata, hasa kwa waliopita miaka 60. Mweleze tabibu ya kuwa wewe ni mkimbiaji, na ukiimeza dawa hiyo, weka mbio kando.

Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mrama, au pumzi kukatika kwa kazi ndogo, hayo si ya kupunguziwa mwendo. Ni ya kusimama na kutafuta tabibu bila kungoja kesho.

Juu ya ushujaa

Twajua ya kuwa watu wetu humheshimu avumiliaye. Mwaka 1968, katika Olimpiki za Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika maratoni akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea, akaingia kiwanjani wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nasi twamstahi kama wote wamstahivyo. Lakini Akhwari alibeba bendera ya nchi. Mazoezi ya jioni ya Jumanne hayana bendera, wala nchi haikumtuma mtu yeyote kwenda kuchanika msuli nyuma ya soko. Ushujaa wetu sisi ni kurudi nyumbani kwa miguu, huku vijana wakitutazama, tukijua ya kuwa kesho kutwa tutakimbia tena. Na tusisahau ya kuwa mshindi wa siku ile ile, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa mtu wa miaka 36.

Ombi letu

Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo tuyaombayo. Mbio za waliopita miaka 40 zisifutwe. Bali tangazo lake litolewe miezi mitano kabla, si wiki tatu. Kila atakaye kukimbia apimwe shinikizo la damu. Mbio za vijiti za mita 100 ziondolewe kwetu, badala yake pawe na mbio za mita 3,000, ambazo mtu hawezi kuzianza kwa pupa asijutie. Na dakika 15 za kupasha mwili joto ziandikwe katika ratiba kama ilivyoandikwa chai. Na mwanachama aridhikaye na kutembea kwa haraka asione haya, maana mwenda kwa miguu yake kila siku amekwisha mpita aliyekaa.

Mwenzetu wa miaka 47 sasa ana 48. Jumapili iliyopita alikimbia zile dakika sita za kasi zote, na Jumatatu asubuhi alipanda ngazi za afisi bila kugusa ukuta. Hakimbii kama alivyokimbia akiwa na miaka 22, wala hamfukuzi tena kijana yule. Mwaka huu shamba lake limelimwa kabla ya mvua, na jembe alilishika mwenyewe.

Mwenda pole hajikwai.